Laurean Ndani ya Kaptula

Laurean Rutashobya alikuwa msimamizi wa ratiba katika gereji moja ya mabasi kaskazini mwa London. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba basi haliondoki kituoni kabla ya dakika yake wala baada yake, na kazi hiyo ilimwingia mwilini. Alikula kwa saa, alilala kwa saa, na hata kugombeza aligombeza kwa saa. Binti yake Sesilia, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa ameshazoea: dakika kumi na tano za maneno, halafu baba anaangalia mkono wake na kufunga mada.

Alikuwa na miaka hamsini na minne na kimo kifupi ambacho nyumbani hakikuzungumzwa. Mkewe Haika, nesi, Mchaga wa Machame, alikuwa akisema kwamba alipoolewa na Mhaya alijua ataishi na mtu anayejisifu, ila hakujua kama itakuwa kila siku. Sifa kubwa ya Laurean ilikuwa utoto wake. Kila Sesilia alipokosea, alikumbushwa kwamba baba yake, kule Bukoba, hakuwahi kuchapwa hata fimbo moja, wala nyumbani, wala shuleni, wala misheni. Sesilia alisikia Kiswahili chote hicho, akajibu kwa Kiingereza, na jibu lenyewe halikuzidi neno moja.

Majira ya kuchipua ya mwaka huo ilikuja barua kutoka shuleni. Sesilia na mwenzake walikuwa wamebadilishana vibao vya milango ya vyoo vya walimu, cha kike kikawa cha kiume na cha kiume kikawa cha kike, na mkuu wa shule aliingia bila kutazama mara mbili. Laurean aliisoma barua ile amesimama. Siku hiyo dakika zilifika arobaini. Alimnyang'anya simu kwa wiki mbili, akamweleza tena habari za Bukoba tangu mwanzo.

Jumapili iliyofuata Laurean alikwenda Kingsbury Road kumchukua mkewe kwenye duka la Mama Pushpa.

Mama Pushpa alikuwa mjane wa Kigujarati wa miaka sabini na sita, mzaliwa wa Mwanza, muuza keki na peremende za Kihindi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Mwanza, cha haraka na cha kuamrisha. Mpwa wake Paresh, fundi miwani, alikuwa na kichaa kimoja, nacho ni sinema za zamani zisizo na sauti. Mwaka jana alikuwa amenunua mkebe wa kutu kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani, na ndani yake akakuta sinema bubu ya kuchekesha, ya miaka mia moja iliyopita, kuhusu mtoto mtundu anayelelewa na shangazi yake muoka keki. Mtoto anapaka gundi kofia ya babu. Mtoto anamfunga askari kamba za viatu, kiatu na kiatu. Mtoto anatia sabuni kwenye supu ya mchungaji. Mwishoni anajificha chini ya meza, anapeleka mkono juu taratibu kuitafuta keki ya harusi, huku shangazi amesimama nyuma yake ameinua mti wa kusukumia unga. Hapo hapo picha inajaa madoa na kuyeyuka. Kipande cha mwisho kilikuwa kimeoza.

Mama Pushpa aliiona mara tatu na hakulala vizuri. Alitaka kujua kama yule mtoto alipigwa. Paresh alitafuta kila mahali, hakuna aliyejua, basi wakakata shauri kupiga wao wenyewe picha za mwisho ule, pale dukani, na kuionyesha sinema nzima katika ukumbi wa mtaa. Shangazi angekuwa Mama Pushpa. Nguo angeshona Haika, ambaye siku zake za mapumziko hawezi kukaa bila sindano. Mtoto mtundu angekuwa Tevin, mwana wa jirani Mkenya, mwenye miaka tisa na mwili mkubwa kuliko umri wake.

Laurean alipoingia jikoni nyuma ya duka, alikuta kazi imekwama. Tevin alikuwa chini ya meza amevaa kaptula ya sufu, kofia na soksi ndefu, na kasoro yake ilikuwa moja tu: alilelewa vizuri mno. Alipoambiwa aibe keki, aliuliza kama ina karanga. Alipohakikishiwa haina, aliomba kunawa mikono. Paresh alipomsihi awe mtundu, mtoto aliuliza, kwa heshima, mtundu kiasi gani, kati ya moja na kumi. Hatimaye aliifikia keki, akaigusa kwa kidole, akamgeukia Mama Pushpa na kumwomba radhi.

Wakarudia mara sita. Laurean alikuwa amesimama mlangoni na koti lake mkononi, na kila Tevin alipokosea, kitu fulani kilimwasha. Alianza kutikisa kichwa. Kisha akaguna. Mara ya saba hakuweza kuvumilia. Alimpa Haika koti, akainama, akaingia chini ya meza na tai yake.

"Mwanangu, keki haiibwi hivyo," alimwambia Tevin. "Wewe unaitazama keki. Mwizi haitazami keki, anamtazama mwenye keki. Macho yako yawe kwenye miguu ya mama."

Akamwonyesha. Alitanguliza mkono wa kushoto upande wa mbali, ukagonga kidogo mguu wa meza. Mama Pushpa akageuka kutazama kule. Palepale mkono wa kulia ulipanda, vidole vikaishika sahani pembeni bila mlio, sahani ikateremka kama jani, na Laurean akatoka upande wa pili akitambaa kwa viwiko, keki mbele yake, hata krimu haikutikisika. Alipofika mlangoni alisimama, akajipangusa magoti, na ndipo akaona kwamba wote wanamtazama.

Tevin alikuwa amefumbua kinywa. Paresh hakuwa amezima kamera. Haika alikuwa amelikumbatia koti na kumtazama mume wake wa miaka ishirini na miwili kama mtu aliyemfungulia mlango kwa bahati mbaya.

"Baba Sesilia," alisema polepole, "hayo umejifunza wapi?"

Laurean alisema ni akili ya kawaida tu. Hakuna aliyemwamini.

Ilichukua wiki nzima kumshawishi awe yeye mtoto mtundu. Alikataa kwa sababu ya cheo, kwa sababu ya kanisa ambako alikuwa mzee wa kamati, na kwa sababu ya madereva sabini waliokuwa wakimwita bosi. Paresh alimwambia kwamba kwa mbali, na kofia, hakuna atakayejua kama ni mtoto au mtu mzima. Maneno hayo yalimchoma, maana yaligusa kile kisichozungumzwa, lakini alikuwa ameshaanza kulala akifikiria ile keki. Mwisho alikubali kwa masharti matatu: jina lake lisiandikwe, uso wake usionekane kwa karibu, na Sesilia asiambiwe. Tevin alipandishwa cheo akawa msaidizi wa kamera, akafurahi sana, akaomba apewe orodha ya kazi zake.

Kaptula ya Tevin ilimwenea Laurean bila kupunguzwa wala kuongezwa. Haika alikata uzi kwa meno na kutazama pembeni.

Siku ya kupiga picha alimpaka mumewe wanja machoni na rangi kidogo mashavuni, kama walivyofanya waigizaji wa zama zile. Mpango ulikuwa mwepesi. Mtoto anaiba keki jikoni, anatoka mbio mlango wa mbele, anakimbia hadi duka la tatu na kusimama. Shangazi anamfuata hadi mlangoni tu, kwa sababu ya goti lake, na kutikisa mti. Paresh na Tevin walikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya gari kubwa la mzigo, ili wapita njia wasiione kamera na kuanza kupunga mikono. Ya kukimbia nayo ilikuwa keki ya plasta, imepakwa chokaa nyeupe, haiwezi kuharibika.

Tatizo ni kwamba asubuhi ile Mama Pushpa alikuwa amemaliza keki ya kweli, ghorofa mbili, ya uchumba wa binti wa watu, na aliiweka meza ileile kwa dakika moja aende kutafuta boksi. Laurean, chini ya meza, alifuata mafundisho yake mwenyewe: hakuitazama keki. Mkono wake ulipanda, ukashika sahani, ukashuka, na yeye akachomoka.

Alishangaa kidogo jinsi plasta ilivyo nyepesi. Alishangaa zaidi aliposikia hatua nyuma yake, kwa kuwa Mama Pushpa alitakiwa kubaki mlangoni. Aligeuza shingo. Mama Pushpa alikuwa anakuja, sari ameikunja mkononi, mti wa chapati juu, na anapiga kelele.

"Siyo hiyo! Rudisha, siyo hiyo!"

Laurean aliguswa moyo. Sinema haina sauti, hakuna aliyemtaka mama yule aseme lolote, na bado anajitolea kiasi hicho. Aliona aibu kusimama kwenye duka la tatu wakati mwenzake anaigiza hivyo, akaongeza mwendo. Alipita kinyozi, akapita duka la simu, akaruka kamba ya mbwa wa watu bila kuachia sahani. Miaka arobaini na mitano ilimtoka mgongoni. Wapita njia walijibana ukutani. Hatua za nyuma hazikupungua, na kwa mara ya kwanza alianza kumwogopa mama yule kwa dhati.

Kituoni palikuwa na basi. Dereva wake alikuwa Balwinder, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mtu mpole ambaye Laurean alikuwa amemwandikia barua tatu mwaka huo kwa kosa la kuondoka kituoni kabla ya wakati. Balwinder alitazama kwenye kioo cha pembeni akamwona mkuu wake wa kazi, amevaa kaptula na soksi ndefu, macho yamepakwa wanja, anakimbia na keki, na nyuma yake bibi mwenye silaha. Hakuona kamera. Aliona mtu mwenye shida. Akafungua mlango.

"Bosi, panda haraka."

Laurean akapanda. Balwinder akafunga mlango, akawasha taa ya pembeni, akaondoa basi. Zilikuwa zimebaki dakika mbili kabla ya muda wake, na Laurean alijua hivyo bila kuangalia saa; kwa mazoea aliinua mkono kuhakikisha, akakuta hana saa, kwa kuwa watoto wa zama zile hawakuvaa saa. Kupitia kioo cha nyuma alimwona Mama Pushpa ameshika nguzo ya kituo, anapungua, anapungua, hadi akawa nukta ya rangi ya chungwa.

Abiria walimtazama. Yeye aliwatazama. Alisogea karibu na dereva akamweleza kwamba wanapiga sinema, kwamba yule ni shangazi yake ndani ya sinema, kwamba kamera iko nyuma ya gari la mzigo. Balwinder aliitikia kwa kichwa kila sentensi, taratibu, vile watu wanavyowaitikia wagonjwa. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hata mjomba wake kule Kisumu alipata kipindi kama hicho, kazi nyingi ndiyo iliyomfikisha hapo, na alipopumzika miezi mitatu akapona kabisa.

Laurean alikaa kiti cha wazee na wajawazito, keki magotini. Basi liliposhika breki, kidole gumba kilizama kwenye ghorofa ya chini. Alikitoa, akakitazama, na kwa kuwa hakukuwa na kitambaa, akakilamba. Haikuwa plasta. Alikaa na jambo hilo vituo viwili, akielewa sasa maana ya kelele za Mama Pushpa. Tundu la kidole lilionekana vibaya, akajaribu kulisawazisha. Kila alivyosawazisha, pembe ilipungua. Aliposhuka na kuanza kurudi kwa miguu, pembe nzima ilikuwa haipo, na mashavuni alikuwa na krimu juu ya ile rangi.

Alimkuta Mama Pushpa amekalishwa kwenye kreti la maziwa mbele ya duka, Haika anampepea kwa kadi ya maua. Mama alipokea keki kwa mikono miwili, akaizungusha, akafika kwenye pembe. Akamtazama Laurean usoni. Halafu akampiga mti wa chapati matakoni, mara moja, si kwa nguvu, ila si kwa mchezo.

"Sasa nimejua," alisema. "Alipigwa."

Pembe aliiziba kwa krimu na maua ya sukari, na wenye uchumba walisifu ubunifu wake.

Paresh ndiye aliyebaki na huzuni. Alikuwa amepiga kila kitu vizuri, hadi mwisho kabisa, ambapo mtoto wa miaka mia moja iliyopita anarukia basi jekundu lenye namba za taa na kutokomea nalo. Alitaka warudie. Lakini goti la Mama Pushpa lilikuwa limevimba kama embe dodo, na daktari alimkataza kukimbiza mtu yeyote kwa wiki sita, wakati ukumbi ulikuwa umeshalipiwa kwa Jumamosi ya wiki ya pili.

Jumatatu Laurean alikwenda kazini amejiandaa kwa vicheko. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha. Dereva mmoja alimletea chai bila kuombwa. Mwingine alimwuliza kama anapata usingizi. Watu walisema naye polepole na kumfungulia milango, na wiki nzima hakuna basi hata moja lililochelewa wala kuwahi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aanze kazi. Alhamisi mkubwa wake alimwita, akafunga mlango, akamsogezea kijitabu chenye picha ya machweo na namba ya simu ya watu wa kusikiliza matatizo. Balwinder alikuwa ameeleza, kwa nia njema kabisa, na kwa mtu mmoja tu.

Usiku huo Laurean alipima mambo mawili. Kujulikana kwamba amevaa kaptula na kuiba keki ni aibu. Kudhaniwa amerukwa na akili ni aibu nyingine, na hiyo ya pili ilikuwa inamletea chai kila saa. Ijumaa asubuhi aliandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe, akalibandika kwenye ubao wa gereji: sinema bubu ya kuchekesha, Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, ukumbi wa mtaa, mtoto mtundu ni Laurean Rutashobya. Alipofika nyumbani alimwambia Sesilia ajiandae kutoka siku hiyo. Hakumwambia wanakwenda kuona nini.

Ukumbi ulijaa. Madereva walikuja na wake zao, wakakaa mistari ya nyuma kimya kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Sesilia alikaa kati ya wazazi wake. Sinema ikaanza, na Tevin akapiga kinanda pembeni, kwa kuwa hilo nalo alikuwa amefundishwa vizuri. Watu walicheka gundi ya babu, wakacheka sabuni ya mchungaji. Kisha mtoto akaingia chini ya meza, na picha ikabadilika rangi kidogo tu, hata wengi hawakugundua.

Sesilia aligundua. Alisogeza uso mbele. Yule mtoto alitoka na keki, akakimbia barabarani mikono imekunjwa namna fulani, kichwa kimeinamishwa namna fulani, namna ambayo Sesilia alikuwa ameiona kila asubuhi mtu akikimbilia treni. Alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa anatazama dari.

Basi jekundu lilipotokea na kufungua mlango, na mtoto yule kuruka ndani, ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja nyuma alipiga kiti chake hadi kikavunjika, alikuwa Balwinder. Shangazi kwenye kitambaa cha sinema alibaki ameshika nguzo, na mti wake juu, na watu walikuwa wamesimama wakipiga makofi, kana kwamba tangu mwanzo walichokuwa wanataka ni mtoto yule apate usafiri. Paresh alilia. Mama Pushpa alitamka kwa sauti kwamba hata hivyo alipigwa, yeye ni shahidi.

Chai ilipotolewa, Balwinder alikuja akamshika Laurean mkono kwa muda mrefu, akaenda zake akitikisa kichwa. Sesilia alisubiri hadi wabaki watatu. Kisha aliuliza, kwa Kiingereza, lakini safari hii kwa sentensi nzima, kama ni kweli kwamba mtu aliyejua kuiba vile hakuwahi kuchapwa.

"Ni kweli," alisema Laurean. "Sikuwahi kuchapwa."

Haika aliweka kikombe chini. Akamwambia aendelee.

Laurean alitazama kulia na kushoto, kisha akaanza. Alipokuwa na miaka tisa, paroko wao alikaangiwa mkebe mzima wa senene, wale panzi watamu wa Kihaya, kwa ajili ya ugeni wa askofu. Laurean aliujua mkebe ule, na dirisha la stoo alilijua pia. Siku ya kwanza alikula konzi moja. Siku ya pili alikula nusu. Siku ya tatu mkebe ulikuwa mtupu, na mkebe mtupu una mlio wake, basi alishinda jioni nzima mashambani akikamata panzi, panzi wa kawaida, wazima, akaujaza na kuufunga vizuri. Askofu aliufungua mwenyewe mezani. Panzi walitua kwenye supu, kwenye kofia yake, kwenye ndevu za paroko, na masista walikimbilia uani.

Sesilia alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Haika aliuliza nani alichapwa, kwa sababu kule Bukoba, kwa jambo kama hilo, lazima mtu alichapwa. Laurean alijibu kwa sauti ndogo kwamba aliyekuwa na ufunguo wa stoo ni kaka yake Philippe, mtumishi wa altareni. Philippe alichapwa kumi na mbili na kuondolewa utumishi. Philippe huyohuyo wa Brussels, anayewatumia chokoleti kila Pasaka.

"Umeshamwambia?" Haika aliuliza.

Sesilia alikuwa ameshachukua simu ya mama yake na kubonyeza. Laurean alipoisikia ikiita alijaribu kuinuka, lakini Haika alikuwa amemkanyaga kiatu.

Philippe alipokea kwa furaha. Laurean alimsalimia, akamwuliza hali, akamwuliza hali ya hewa, akamwuliza hali ya hewa mara ya pili, ndipo akasema yote kwa pumzi moja: mkebe, dirisha, panzi. Sesilia alisogeza sikio.

"Usikate," alisema Philippe. "Subiri hapohapo. Mke wangu yuko jikoni. Miaka thelathini namwambia sikuwa mimi, na miaka thelathini ananicheka." Zikasikika hatua, mlango, maji ya bomba yakifungwa. "Haya, mdogo wangu. Nimeweka spika. Anza tena tangu mwanzo, na useme kwa sauti."

Laurean alisimama katikati ya ukumbi, akalegeza tai, akaanza tena tangu mwanzo. Madereva waliokuwa wanaelekea mlangoni walirudi na vikombe vyao.